Ndege Iliyochelewa Vita

Modeli yenyewe ina sentimita 43 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Lancaster halisi ilikuwa na mita 31. Gawanya kwa 72, hesabu inakubali. Ni ya aloi ya zinki, nzito mkononi, kijani na kahawia mgongoni, nyeusi tumboni, kama zilivyopakwa ndege za Uingereza zilizokwenda usiku kuangusha mabomu Ujerumani. Ubavuni ina herufi QR-M. Chini ya dirisha la rubani, Mickey Mouse anavuta kigari kilichobeba bomu, na kando yake zimepangwa safu za mabomu madogo ya rangi, kila moja likisimamia safari moja ya vita. Ila karibu na mkia pana namba ya usajili, ndogo kiasi cha kuhitaji miwani: PA474. Namba hiyo na herufi zile hazina undugu wowote. Basi modeli hii ni ya ndege ipi?

Mwenye nayo ni mzee aliyezaliwa Nairobi akahamia Leicester. Kabati lake limejaa ndege za mabomu za Waingereza za Vita Kuu ya Pili: Wellington, Halifax, Stirling, Lancaster kadhaa. Ndege ya abiria hana hata moja. "Hii ilipiga Berlin, kijana," aliniambia. "Na namba hii ya mkiani, mzee?" Akaitazama kidogo, akairudisha ndani. "Hiyo ya kiwanda tu." Sawa, ya kiwanda. Lakini kiwanda hicho kiliitoa ndege hiyo lini?

Nilianza na herufi, maana ndizo zenye wasemaji wengi. QR zilikuwa za Kikosi Namba 61, kilichoruka kutoka Skellingthorpe, Lincolnshire, na M ilikuwa ya ndege moja yenye usajili EE176. Hiyo ndiyo iliyochorwa Mickey Mouse wakati wa vita. Sifa zake hazina ubishi mkubwa: Lancaster zilizotengenezwa ni 7,377, na zilizofikisha safari 100 za vita ni thelathini na kitu tu, naye EE176 akiwemo. Ubishi unaanza kwenye jumla. Wako wanaoandika 115, wako wanaofika 128. Ndege moja, kikosi kilichokuwa na makarani na madaftari. Safari kumi na tatu zimeongezwa na nani, au zimepunguzwa na nani?

Madaftari hayo yamehifadhiwa Kew, magharibi mwa London, katika mafungu ya nyaraka yanayoanza na AIR 27. Ukurasa mmoja unaeleza mwezi ulivyokwenda. Mwingine unaorodhesha ndege, majina ya wanaanga saba, saa ya kuruka na saa ya kutua. Saa ya kutua ikikosekana, hujui uendelee kusoma au ufunge. Lakini hata hapo hesabu haikai sawa. Ndege iliyogeuza njiani kwa sababu ya injini, imekwenda vitani au haikwenda? Karani ana jibu lake, fundi mwenye brashi ana lake. Tena daftari lenyewe liliwahi kuumbuliwa: ripoti ya siri ya Agosti 1941 ililinganisha taarifa za wanaanga na picha zilizopigwa na kamera za ndege zao, ikaona kwamba katika ndege zilizodaiwa kushambulia shabaha, ni moja tu kati ya tatu iliyofika ndani ya kilomita 8 za shabaha hiyo. Kama karatasi rasmi ilipotea njia kiasi hicho, rangi ya puani tuiamini kwa lipi?

Nikaachana na herufi, nikashika namba. PA474 ilikamilika karibu na Chester tarehe 31 Mei 1945. Ujerumani ilikuwa imesalimu amri tarehe 8 mwezi huohuo. Wapo wanaosimulia kwamba ndege hii ilipigana Ulaya. Tarehe hizo mbili zinawanyima nafasi. Wengine husema ilitayarishwa kwa vita vya Mashariki ya Mbali. Hilo ni kweli, lakini Japani nayo ilisalimu amri mwezi Agosti kabla ndege haijaondoka. Haikuangusha bomu hata moja juu ya adui. Leo ni mojawapo ya Lancaster mbili tu zinazoruka duniani, ya pili ikiwa Hamilton, Kanada. Wanaoitunza huipaka upya kila baada ya miaka kadhaa, ikavaa alama za ndege nyingine iliyopigana, kwa heshima ya wanaanga 55,573 wa vikosi vya mabomu waliokufa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilivaa QR-M, lakini namba yake ya kuzaliwa haikufutwa. Modeli ya mzee imenakili vazi hilo kwa uaminifu, pamoja na zile safari mia na zaidi ambazo mwili huu haukuzifanya. Kama haikwenda Berlin, ilikwenda wapi?

Jibu lilinirudisha nyumbani. PA474 ilikabidhiwa Kikosi Namba 82, kikosi cha kupiga picha za angani, ikafanya kazi Afrika Mashariki na Kusini hadi mwanzoni mwa 1952. Kituo cha kikosi hicho nchini Kenya kilikuwa Eastleigh, Nairobi. Lancaster za kazi hiyo zilivuliwa bunduki, matundu yakazibwa, mwili ukaachwa na rangi ya fedha. Hata kibanda cha bunduki kilicho mgongoni mwa modeli si cha asili: PA474 ilirudishiwa kibanda hicho miaka ya 1970, baada ya kimoja kupatikana Argentina. Kwa nini basi kazi ya mpima ardhi ipewe ndege ya mabomu?

Kwa sababu ilikuwa inabeba mzigo mkubwa na kukaa angani saa nyingi, na kwa sababu ya jambo moja ambalo vita viliwafundisha watu wake kwa uchungu: kwenda moja kwa moja bila kuyumba. Juu ya Ujerumani, baada ya kuachia mabomu, rubani alitakiwa kushikilia mstari mpaka kamera ipige picha ya ushahidi, huku mizinga ikimlenga. Juu ya Afrika mstari uleule ulihitajika kwa ramani: picha moja hufunika kiasi cha asilimia 60 ya inayofuata, ili mchoraji akizitazama mbili kwa pamoja aone vilima vikiinuka. Hapa adui alikuwa wingu. Picha zilipelekwa Uingereza kwenye idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa mwaka 1946, na ndizo zilizozaa ramani za 1:50,000 ambazo maofisa ardhi wa Kenya na Tanganyika walizitumia miaka mingi. Je, yuko aliyekuwa chini, akatazama juu?

Pumwani, jirani na ule uwanja wa Eastleigh, nilimpata bibi mmoja aliyekumbuka. Injini nne, alisema, na mabati ya nyumba yakilia ndege zikipita. Nilifurahi mapema mno kwa mtu anayejiita mdadisi. Nilipomuuliza zilikuwa siku gani, akajibu bila kusita: wakati wa Emergency, watu wakikamatwa. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na PA474 ilikuwa imekwisha kurudi Uingereza. Ushahidi wake haukuwa wa ndege yangu. Lakini bibi hakuwa ameota. Basi zile injini nne zilikuwa za nani?

Zilikuwa za Lincoln, ndege iliyokuzwa kutoka Lancaster, ambayo kwanza ilikusudiwa iitwe Lancaster Mark IV. Kati ya 1953 na 1955 zilikuja Eastleigh kwa zamu, kikosi kimoja kikimpokea mwenzake, zikaangusha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Nilipopitia orodha ya vikosi vya zamu hizo nililikuta jina nililokwisha kuliacha nyuma. Mwaka 1954, miongoni mwao, kilikuwepo Kikosi Namba 61, wenye QR. Mwili wa modeli ya mzee ulipiga picha Afrika Mashariki bila bunduki. Alama zake ni za kikosi kilichokuja miaka michache baadaye kikiwa na mabomu. Nilimpigia simu Leicester nikamweleza. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama kuna modeli ya Lincoln katika skeli ya 1:72. Mimi bado niko kwenye jambo jingine: mwelekezaji wa njia ndani ya Lincoln, akitafuta bonde fulani la Nyandarua, alikunjua ramani mapajani. Ramani hiyo ilichorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege ipi?