Kupanda sasa au kusubiri? Namna tatu za kupima hatari shambani

Mkoa wa Ruvuma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa mkulima wa mahindi wa Nalasi, uamuzi wa lini apande ndio unaoamua chakula cha mwaka mzima. Mvua ya kwanza ikinyesha, swali ni lilelile: itaendelea, au jua litarudi na kuunguza miche?

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkulima ana ekari 2. Akipanda zote sasa na mvua ikaendelea, anavuna gunia 12. Ikikatika, gunia 2. Akisubiri na mvua ikaendelea, anavuna gunia 8. Ikikatika, gunia 7.

Namna ya kwanza ni wastani. Tuseme kati ya miaka 10, mvua huendelea miaka 7 na hukatika miaka 3. Anayepanda sasa atavuna gunia 90 katika miaka hiyo, yaani 9 kwa mwaka. Anayesubiri atavuna 77. Hapa kupanda sasa kunashinda.

Namna ya pili ni kupima majuto, njia iliyoelezwa na mwanatakwimu Mmarekani Leonard Savage mwaka 1951. Ukipanda sasa na mvua ikakatika, umepoteza gunia 5 ambazo ungepata kwa kusubiri. Ukisubiri na mvua ikaendelea, umepoteza gunia 4. Njia hii huchagua majuto madogo: subiri.

Mbona majibu yanapingana? Kwa sababu wastani ni hesabu ya miaka mingi, na familia haili wastani. Inakula mavuno ya mwaka huu.

Ndiyo maana ipo namna ya tatu: anza na kiwango ambacho huwezi kushuka chini yake. Kama kaya inahitaji gunia 4 kufika mavuno yajayo, kupanda zote sasa kunaweza kuiacha na 2. Lakini akipanda ekari moja sasa na nyingine baadaye, atapata gunia 10 mvua ikiendelea, na 4 na nusu ikikatika. Wastani wake ni gunia 8 na zaidi kidogo kwa mwaka. Anapunguza faida kidogo, lakini hakosi chakula.

Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) husaidia kukadiria uwezekano. Ukisema mvua zinatarajiwa kuwa juu ya wastani, hiyo si ahadi, na jumla ya mvua haikuambii kama kutakuwa na siku za jua katikati.

Kabla ya kupanda, andika mambo matatu: nini kinaweza kutokea, mara ngapi kimetokea miaka ya nyuma, na kikitokea nyumbani patabaki nini. Wazee wa kijiji wanaokumbuka misimu iliyopita ni msaada mkubwa kwa swali la pili. La tatu unalijua wewe mwenyewe.