Mlingoti wa Simu ya Upepo: Asili Yake na Hatari Yake

Ndugu wanachama, katika mkutano mkuu uliopita wengi wenu mliuliza, na baadhi yenu kwa hasira, kwa nini mlingoti wa simu ya upepo ya Chama chetu ulisimamishwa kule nyuma ya ghala, ukatugharimu waya mrefu na mnene, hali kona ya ofisi ilikuwa tupu. Jibu nililolitoa siku ile lilikuwa fupi, na nakiri kwamba halikumridhisha mtu. Sasa nimepewa nafasi katika kitabu hiki cha miaka kumi nilitoe kwa ukamilifu, nalo halina budi kuanzia mbali, katika historia ya watu wengine.

Mjerumani Heinrich Hertz ndiye aliyeonyesha kwa majaribio, kuanzia mwaka 1887, kwamba cheche ya umeme huweza kutuma mawimbi yasiyoonekana kutoka waya mmoja hadi mwingine bila ya kuunganishwa. Baada yake akaja Marconi wa Italia. Tarehe 12 Desemba 1901, huko Newfoundland, aliuinua waya wake angani kwa tiara, mfano wa ile wanayoirusha watoto wetu, akatangaza kwamba amesikia herufi moja iliyotumwa kutoka Uingereza, ng'ambo ya bahari. Tiara ile ilikuwa ndiyo mlingoti wake. Yafaa tuikumbuke kila tunapodhani kwamba kazi hii yahitaji fedha nyingi kabla ya kuanza.

Kisa chenyewe ninachokikusudia ni cha Marekani. Mwezi Septemba 1958 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo iliwafungulia raia wa kawaida njia 23 za kuzungumza, karibu na megahezi 27, ili mkulima, mwenye duka na mwenye lori wapate kusemezana bila kufanya mtihani wa ufundi. Redio hiyo huitwa CB. Nguvu zake zilibanwa na sheria. Hata leo, kwa sauti ya namna ya kawaida, hazipiti wati 4, ambazo zama zile hazikutosha hata kuwasha taa nzuri ya kusomea. Basi mtu aliyetaka kusikika mbali kutoka nyumbani kwake, na hakutaka kuvunja sheria, alibakiwa na jambo moja tu la kulitengeneza, nalo ni antena.

Hapo ndipo uchaguzi ulipoanza. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa mita 11 hivi. Antena ya robo wimbi, yenye fimbo ya mita 2.7 na vijiti vya kutandaa chini yake, ilikuwa nyepesi na rahisi kuipandisha. Ya nusu wimbi ilikaribia mita 5.5. Waliotaka zaidi walinunua ile ya thumuni tano za wimbi, karibu mita 7, kwa kuwa hiyo huusukuma mnuno wa redio ulalie upeo wa macho badala ya kupotea angani. Urefu wa mahali nao una hesabu yake: antena iliyo mita 9 juu ya ardhi tambarare hufikia kiasi cha kilomita 12 kabla dunia haijajipinda mbele yake, na ukiipandisha mita 18 hupati kilomita 24, bali 17 na kitu. Wauzaji hawakuwa wepesi kulieleza hilo. Wala hawakueleza kwamba waya mwembamba wa futi 100 hula zaidi ya theluthi ya nguvu zote kabla hazijafika juu.

Mwaka 1973 mafuta yakawa adimu, na mwaka uliofuata Serikali ya Marekani ikaweka mwendo wa maili 55 kwa saa. Madereva wa malori wakaitumia CB kuambiana penye mafuta na penye askari, na watu wa mijini wakaiga. Wanunuzi wakawa wengi mno hata njia zikaongezwa kuwa 40, tangu Januari 1977.

Nyumba nyingi zikaota milingoti, na mingi ilisimamishwa na watu ambao hawakuwa mafundi: baba na mwanawe, au majirani wawili, siku ya mapumziko. Fimbo ya alumini ya mita 7 juu ya bomba la chuma ni kitu chenye kuyumba. Ikimwelemea aliyeishika, ikagusa waya wa umeme wa volti 7,200 upitao karibu na nyumba, umeme hushuka ardhini kwa njia ya miili yao. Waliokufa hivyo walikuwa wengi, hata Tume ya Usalama wa Bidhaa ya nchi hiyo ikaingilia kati. Mwaka 1978 iliwalazimisha watengenezaji kubandika onyo na kutoa maelezo ya kusimamisha antena mbali na nyaya. Onyo halikutosha. Kuanzia Mei 1983 antena za CB za nyumbani, zile zirushazo mawimbi pande zote, zilitakiwa ziwe na kinga inayoweza kuzuia volti 14,500.

Redio yetu si CB. Ina leseni yake na mawimbi yake. Lakini bomba ni bomba. Lile letu, pamoja na antena, ni futi 40, na nyaya za umeme zapita futi 30 tu kutoka kona ya ofisi. Ushauri wa mafundi ni kwamba kutoka mlingoti hadi nyaya pawe na mara mbili ya urefu wake, yaani kwetu futi 80. Nyuma ya ghala tulipima futi 95. Masafa hayo ndiyo yaliyodai waya mrefu, na urefu wa waya ndio uliodai unene, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Fimbo ya shaba iliyozikwa pale chini, ambayo ndugu mmoja aliiita mapambo, ni ya radi.

Siku ya kuusimamisha, vijana wanne walivuta kamba, na mmoja wao iliteleza mkononi. Mlingoti ulianguka juu ya majani ya migomba ya jirani. Tulimlipa mkungu mmoja, nayo hesabu imo katika daftari la mwaka ule.