Nyama ya Mhadzabe ni ya nani?

Wadau, ukikaa Ganako hapa kwetu Karatu asubuhi utayaona magari ya watalii yakipita. Mengi yanapandisha kwenda kreta ya Ngorongoro. Machache yanashika njia ya Mang'ola, kule kwenye vitunguu, hadi Ziwa Eyasi kuwaona Wahadzabe. Wakirudi, hadithi ni ile ile: wale watu hawana uchoyo hata kidogo, wanagawana kila kitu. Mimi mwenyewe niliiamini kwa muda mrefu.

Hebu tuitazame vizuri. Mwingereza mmoja, James Woodburn, alianza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1982 akaandika makala iliyopata umaarufu mkubwa kuhusu jamii zisizo na wakubwa na wadogo. Alichoeleza si ukarimu kama tunaoujua sisi. Mwindaji akiangusha mnyama mkubwa, nyama si yake ya kugawa. Watu wa kambi wanaifuata kwa sababu ni haki yao. Hakuna "asante", hakuna deni, na aliyeua leo hapati cheo kwa hilo. Mwenye kitu huombwa tu, tena bila aibu, na kumnyima anayeomba ndiyo aibu yenyewe.

Tena kuna mchezo wa kamari unaoitwa lukuchuko. Wanaume wanarusha vipande vya maganda ya mti kwenye shina, na wanachowekeana ni mishale ya sumu yenye vyembe vya chuma, visu, shanga. Anayeshinda sana anabanwa aendelee kucheza mpaka vimtoke. Lakini upinde hauwekwi, wala mishale isiyo na chuma, wala mfuko wa ngozi. Yaani unaweza kupoteza vyote ulivyolimbikiza, ila si kile cha kukupatia chakula cha kesho. Mimi hapo nilivua kofia.

Msidhani lakini kwamba ni usawa mtupu. Kuna sehemu za mnyama mkubwa, nyama ya epeme, zinazoliwa faraghani na wanaume waliokwisha kutambuliwa kuwa watu wazima. Akina mama na watoto hawaruhusiwi.

Sasa njoo kwenye fedha. Mwaka 1982 huo huo watafiti watatu wa Ujerumani walichapisha jaribio moja rahisi: mtu anapewa fedha amgawie mwingine kiasi anachotaka. Yule wa pili akikubali, kila mmoja anachukua chake. Akikataa, wote wanakosa. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani mara nyingi hutoa karibu nusu, wataalamu wakadhani ndivyo binadamu alivyo. Baadaye Joseph Henrich akaupeleka mchezo huo kwa Wamachiguenga wa Peru. Wakatoa wastani wa asilimia 26, na karibu kila mtu akapokea bila kinyongo! Ikabidi watafiti watawanyike katika jamii 15 ndogo ndogo duniani. Kule Lamalera, Indonesia, ambako watu huwinda nyangumi kwa ushirika, walitoa asilimia 58, zaidi ya nusu. Waorma wa Kenya walitoa 44, na walipopewa mchezo mwingine wa kuchangia mfuko wa pamoja wakaupa jina papo hapo: harambee.

Huku Eyasi alikuja Frank Marlowe. Wahadzabe, mabingwa wa kugawana, walitoa asilimia 40 katika kambi kubwa na 27 tu katika kambi ndogo. Na karibu robo ya ofa zote zilikataliwa.

Ni wachoyo basi? Sioni hivyo. Mchezo ule ni wa siri, hujui unamgawia nani. Mtoaji hana anayemtazama, na mpokeaji hana wa kumwendea na kumwambia "lete". Haki ya Mhadzabe iko katika mdomo wa anayeomba na macho ya kambi, na mchezo ule umeviondoa vyote viwili. Utafiti wa Kristopher Smith na Coren Apicella, uliofanyika kwa mirija ya asali kati ya 2010 na 2016, ulionyesha kwamba mtu akihama kambi anafuata ugawaji wa kambi anayoikuta. Ukarimu wake hakuuhamisha pamoja na mfuko wake.

Sisi majirani zao tuna hesabu nyingine. Mwiraqw anamkabidhi ndugu au rafiki ng'ombe amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa, lakini ng'ombe anajulikana ni wa nani, hata miaka ikipita. Mkulima na mfugaji wanaweka kumbukumbu ya chao. Sasa waweke hawa na mtu anayeona kumnyima mwombaji ni aibu, halafu kinachoombwa kiwe ardhi. Mashamba yakasogea, mifugo ikaingia, pori likapungua. Serikali nayo, ya mkoloni na hata yetu baada ya uhuru, ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe walime. Wengi walirudi porini.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipewa hati ya kimila ya ardhi. Imeandikwa kwa jumuiya nzima, si kwa mtu mmoja. Ina mipaka, na juu ya karatasi ile, kwa mara ya kwanza, wanaweza kumwambia anayeomba kwamba hapana.