Sinema ya Wafu na Mstari Uliosahauliwa



Kila nifikapo shuleni siku hizi nakutana na wanafunzi wanaotamani kutengeneza sinema, na kilio chao ni kimoja: fedha. Kwa hiyo nimeona niwasimulie historia ya sinema moja ya Marekani, maana ina mafunzo mawili, na hilo la pili watu hulisahau.

Mwaka 1967, mjini Pittsburgh, George A. Romero na wenzake walikuwa wakiendesha kampuni ndogo ya kutengeneza matangazo ya biashara. Walitaka kupiga picha ya urefu kamili, wakachagua hadithi ya kutisha: wafu wanafufuka na kuwazingira watu ndani ya nyumba. Watu kumi wakaungana, kila mmoja akatoa dola 600. Haba na haba hujaza kibaba. Wachangiaji wengine wakaongezeka, na gharama yote ikawa kama dola 114,000, fedha kidogo sana kwa kazi ya namna hiyo.

Umaskini ukawafundisha akili. Walitumia filamu nyeusi na nyeupe. Walipata nyumba kuukuu karibu na Evans City iliyokuwa ikingoja kubomolewa, na karibu hadithi yote ikachezwa humo. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwani katika picha isiyo na rangi hakuna awezaye kuitofautisha. Nyama ilitolewa na mchangiaji mmoja aliyekuwa na bucha. Waliotoa fedha ndio hao hao walioigiza na kupaka wenzao rangi za wafu.

Sinema hiyo, *Night of the Living Dead*, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Pittsburgh tarehe 1 Oktoba 1968. Ilienea duniani, na mwaka 1999 Marekani iliiweka katika orodha ya taifa ya sinema za kuhifadhiwa.

Sasa sikilizeni funzo la pili. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapo awali sinema ilikuwa na jina jingine, na tangazo la hakimiliki liliandikwa pamoja na jina hilo. Wasambazaji walipobadili jina, tangazo nalo likaondoka. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilisema kazi iliyotolewa bila tangazo hilo haina ulinzi. Basi kila aliyetaka aliinakili, akaionyesha na kuiuza bila kuwalipa wenyewe hata senti. Mstari mmoja tu!

Ni kweli sharti hilo liliondolewa huko mwaka 1989, na hapa Tanzania sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa. Lakini sheria humsaidia anayeweza kuonyesha kwamba kazi ni yake. Katika shule yetu zipo tamthilia zilizochezwa miaka na miaka, na leo hakuna awezaye kumtaja mtungaji.

Basi, vijana, simu zenu zina kamera, na nyumba kuukuu hazikosekani. Anzeni. Ila kabla ya kupiga picha ya kwanza, chukueni daftari, andikeni nani ametunga, nani ametoa shilingi ngapi, na mapato yatagawanywaje. Kisha kila mmoja atie sahihi.