Maktaba Iliyotembea kwa Miguu

Dagahaley ni jina la Kisomali, maana yake mahali penye mawe. Kambi ilifunguliwa hapo 1992, nje kidogo ya mji wa Dadaab katika Kaunti ya Garissa, ili kuwapokea watu waliokimbia vita vya Somalia. Wengi walifika na kile tu walichoweza kubeba, na mtu anayekimbia risasi hachukui vitabu. Hata hivyo, kaa na wazee jioni, chai ya maziwa yenye hiliki ikipoa mbele yenu, na huenda ukamsikia mmoja akighani shairi refu la mtu aliyekufa 1920, wala hatasimama kutafuta neno.

Mtunzi huyo ni Sayid Mohamed Abdille Hassan. Waingereza walimwita mwendawazimu, na jina hilo likaenea katika magazeti yao. Wasomali wanamwita Sayid, basi. Mama yake alikuwa Mdhulbahante na baba yake wa ukoo wa Ogaden, ukoo ambao matawi yake ndiyo wenyeji wa sehemu kubwa ya Garissa. Alisoma dini tangu utotoni, akahiji Makka, na huko akaingia tarika ya Salihia. Aliporudi 1895 katika bandari ya Berbera, pwani ya Somalia, alianza kuhubiri dhidi ya miraa, tumbaku na wamisionari. Wafanyabiashara wa Berbera hawakumpenda. Wafugaji wa bara walimsikiliza, na kufikia 1899 alikuwa na jeshi la wafuasi walioitwa Madarwishi.

Vita vyake na Waingereza vilidumu miaka zaidi ya 20. Waingereza walituma misafara minne kati ya 1901 na 1904, wakiwatumia pia askari wa King's African Rifles (KAR) waliotoka mbali kusini. Aprili 1903, kule Gumburru, Kanali Plunkett na karibu kikosi chake chote waliangamia. Januari iliyofuata, kule Jidbali, ikawa zamu ya Madarwishi kufa kwa wingi. Kufikia 1910 serikali ya kikoloni ilikuwa imechoka, ikajikunja hadi pwani na kuyaacha makabila ya bara yapigane yenyewe kwa yenyewe. Njaa iliyofuata Wasomali waliipa jina la miaka ya kula haramu.

Mtu wa namna hii, wa vita na wa maneno pia, si mgeni katika historia. Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru aliyetawala Ninawi kuanzia 668 KK, aliteka Thebes ya Misri, akauzingira Babeli na kuubomoa Susa. Mfalme huyo huyo alijivunia kwamba anajua kusoma maandishi ya kale, na katika picha za kuchongwa anaua simba huku kalamu ya kuandikia imechomekwa mshipini. Maktaba yake ya vibao vya udongo imetuachia vipande zaidi ya 30,000. Ninawi ulipochomwa 612 KK, moto ule ule uliouangamiza mji ulivichoma vibao vingi vikakomaa kama matofali.

Sayid hakuwa na vibao. Maktaba yake ilikuwa vichwa vya watu. Alipotunga gabay, yaani shairi refu la Kisomali, mahafidhi walilishika na kwenda nalo kutoka kisima hadi kisima. Aliyesifika kuliko wote ni Hussein Dhiqle, naye mwenyewe malenga. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu ya jinsi gabay linavyojengwa. Sisi Waswahili tunahesabu mizani na kufunga vina mwishoni. Gabay hufungwa kwa herufi. Mtunzi akichagua D, kila nusu ya mstari lazima iwe na neno linaloanza na D, hata shairi likiwa na mistari 100. Aliyehifadhi akiteleza, herufi yenyewe inamrudisha njiani.

Na asidhani mtu kwamba ushairi huo ulikuwa wa kubembeleza. Agosti 1913, kule Dul Madoba, Madarwishi walimuua Richard Corfield, kamanda wa polisi waliopanda ngamia. Sayid alimtungia shairi maiti, akimtuma aende akawasimulie watu wa motoni jinsi alivyouawa na jinsi fisi na ndege walivyomla. Ni shairi zuri la kutisha. Ashurbanipal naye alichongesha karamu bustanini: mfalme amejilaza anakunywa, mpiga kinubi anatumbuiza, na juu ya mti kinaning'inia kichwa cha Teumman, mfalme wa Elamu. Wote wawili hawakutosheka kumuua adui. Walitaka aendelee kufa kila anapotazamwa au kughaniwa.

Sipendi wanaosimulia ushujaa tu. Mwaka 1909 Madarwishi walimuua Sheikh Uways wa Barawa, kule Biyoley. Huyu hakuwa Mwingereza. Alikuwa mwanachuoni na mtunzi, kiongozi wa tarika ya Kadiria, aliyefika Zanzibar na ambaye tarika yake ilienea hadi bara la Tanganyika. Kosa lake lilikuwa kuipinga Salihia, tena kwa mashairi. Barawa, mji ambao wenyeji wake husema Chimwini, ndugu wa Kiswahili chetu, haujasahau.

Mwanzoni mwa 1920 Waingereza walileta ndege 12. Zilidondosha mabomu Medishi, kisha ngome za mawe za Taleh, na katika wiki chache dola ya Madarwishi ikavunjika. Sayid alitorokea eneo la Ogaden, akafa kwa homa ya mafua huko Imi kabla mwaka haujaisha.

Kisomali kilipata hati rasmi 1972. Miaka miwili baadaye Sheikh Jama Omar Isse alichapisha Mogadishu diwani ya mashairi ya Sayid, aliyoyakusanya kwa wazee walioyahifadhi, baadhi yao Madarwishi wa zamani. Mwaka 1991 Mogadishu nao uliporwa, na watu wakaanza kutembea kuelekea Kenya. Mzee wa Dagahaley anayeghani leo hana nakala ya diwani hiyo. Akifika katikati ya shairi la Corfield hupunguza sauti, watoto wakasogea.