Tindikali Inavyouvunja Mfinyanzi

Ndugu mkulima, huenda umepata kusema hivi: "Shamba langu limechoka. Kila mwaka natia mbolea ya chumvichumvi, na kila mwaka mahindi yanapungua." Kabla hujanunua mfuko mwingine, hebu fuata historia ya shamba moja la majani.

Shamba hilo liko Rothamsted, Uingereza. Mwaka 1856 John Lawes na Joseph Gilbert waliligawa vipande, kila kipande na mbolea yake. Vingine vilipewa salfeti ya amonia, yaani SA, ile ile uliyoizoea. Majani yalistawi kweli. Lakini mwaka hadi mwaka udongo ukazidi kuwa na tindikali, hata kipimo cha pH kikashuka chini ya 4. Minyoo ya ardhini ikatoweka. Majani yaliyokufa hayakuoza vizuri tena, yakalala juu ya ardhi kama mkeka. Mwaka 1903 ndipo walipoanza kutia chokaa kwa utaratibu katika nusu ya vipande vingi.

Sasa, tindikali inadhuru kwa njia gani? Wataalamu walibishana sana. Mwaka 1904 Veitch wa Marekani alionyesha kuwa udongo wenye tindikali hutoa alumini. Wengi hawakusadiki, wakasema ni haidrojeni tu. Mwaka 1934 Paver na Marshall wakaonyesha kwamba alumini hiyo hutoka ndani ya mfinyanzi wenyewe. Kufikia miaka ya 1950 jambo hilo likaanza kukubalika.

Maana yake ni hii. Chembe ya mfinyanzi imepangwa kama kurasa za kitabu, na alumini ni sehemu ya kurasa hizo. Tindikali huanza pembeni, ikaing'oa alumini kidogo kidogo. Alumini iliyong'oka huumiza ncha za mizizi na kuishika fosfeti isifike kwenye mmea. Tena mfinyanzi ndio ghala ya chakula cha mimea. Ukivunjika, ghala nayo inapungua.

Chokaa huizima alumini, na mizizi hupata nafuu. Lakini chokaa haiujengi upya mfinyanzi uliokwisha vunjika. Ndiyo maana hufai kungoja.

Hapa kwetu SA ilitengenezwa hata Tanga, katika kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1972 na baadaye kikafungwa. Yako mashamba yaliyotiwa mbolea hiyo miaka mingi bila kupimwa hata mara moja. Basi, ndugu yangu, mwone bwana shamba wako, mchukue udongo ukapimwe. Ikiwa tindikali imezidi, tia chokaa kwa kiasi utakachoambiwa, acha SA utumie CAN, na samadi usiitupe.

Usiseme tena shamba limechoka. Pengine linaliwa. Kazi njema.