Sanduku la Mji na Ufunguo Wake

Baba afanyaye kazi mbali hupeleka fedha nyumbani na kuandika: hizi ni za chumvi, hizi za mafuta, zisitumiwe kwa jambo jingine. Paa likivuja, mama afanye nini? Fedha anazo, ruhusa hana. Wasomaji wapenzi, ndivyo ilivyokuwa kwa mabaraza yetu hapa Kivu, na yafaa tujue chanzo chake.

Sheria ya Wabelgiji ya tarehe 5 Desemba 1933 iliwapa wenyeji wa kila usultani na kila sekta sanduku lao la fedha. Lilikuwa jambo jema, lakini hesabu ilisimamiwa na mtawala Mbelgiji. Sanduku lilikuwa la wenyeji, ufunguo ulikuwa wa serikali.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, lakini ufunguo haukurudi upesi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 175, ilisema kwamba 40 kwa mia ya mapato ya taifa ni fungu la majimbo, nalo likatwe pale pale linapokusanywa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaongeza kwamba katika fungu hilo la jimbo, 40 kwa mia ni haki ya miji, komini, sekta na masultani. Kwa hesabu hiyo, katika kila faranga 100, faranga 16 zingefika huku chini, kwa mji wa Goma na komini zake mbili, Goma na Karisimbi, kama kwa wengine.

Haikuwa hivyo. Fedha zilikwenda kwanza Kinshasa, kisha sehemu tu ikarudishwa. Tena Kinshasa ilihesabu ndani ya fungu la majimbo mishahara ya watumishi iliyoipanga yenyewe. Hata makadirio ya mji na ya komini yalipaswa kukubaliwa kwanza na gavana. Na kwa miaka 15 baada ya sheria ile uchaguzi wa mabaraza ya komini haukufanyika. Meya na wakuu wa komini waliteuliwa kutoka juu. Mwezi wa Mei 2021 utawala wa jimbo ukatiwa mikononi mwa wanajeshi, na Januari 2025 M23 wakauteka mji.

Hatusemi kwamba ulinzi wa fedha ni mbaya. Sanduku lisilochunguzwa huliwa, na jimbo tajiri limsaidie maskini. Lakini Papa Pius XI alifundisha mwaka 1931, katika waraka Quadragesimo Anno, kwamba kazi iwezayo kufanywa na jamii ndogo isinyang'anywe na ile kubwa. Mkubwa amsaidie mdogo. Asikae mahali pake.

Mfereji wa mtaa ukiziba, anayeuona kwanza ni jirani. Basi siku mabaraza yetu yatakapokaa tena kwa amani, tusiulize tu fedha ni ngapi. Tuulize pia: nani anashika ufunguo, na atatoa hesabu kwa nani?